Gobori na Bunduki ya Viasi: Somo la Kushindana Shabaha

Sifa njema zote zamhusu Mwenyezi Mungu, aliyekiteremsha chuma akatia ndani yake nguvu kali na manufaa kwa watu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, mlango tulioufikia katika darasa letu ni mlango wa musabaka na munadhala, yaani kushindana mbio na kushindana shabaha. Wengi huuruka mlango huu, kwa kudhani kuwa ni habari za farasi na mishale, mambo ya watu waliokwisha kupita. Dhana hiyo si sawa. Mlango huu umekusanya mambo mawili tunayoyahitaji mno: uadilifu baina ya wanaoshindana, na wajibu wa mtu kujiandaa kabla ya siku ya kushindana haijafika.

Ili somo liwe wazi tutashika mas'ala moja na kuifuata mpaka mwisho wake. Makundi mawili ya marafiki yanataka kushindana shabaha. Hawa wana magobori ya kale, na hawa wana bunduki za kisasa. Je, mashindano hayo yafaa katika sharia? Na yakifaa, ni kwa masharti gani? Tukisha kupata jawabu, tutaitazama nchi ya Khunyangu, iliyo upande wa Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Katika nchi ile na majirani zake, gobori lililopanda kutoka pwani yetu lilikutana na bunduki ya kisasa, na makutano yale hayakuwa ya kirafiki.

1. SILAHA MBILI ZENYEWE

Wanavyuoni wetu husema kuwa mtu hawezi kulihukumu jambo asilolijua sura yake. Basi tuanze na sura ya silaha hizi.

Gobori ni bunduki ijazwayo kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti katika mtutu, akatia kitambaa au makumbi, akafuatisha risasi ya mviringo au marisau, kisha akashindilia kwa mdeki. Magobori ya kwanza yaliwashwa kwa mrao, nao ni utambi uwakao. Yakaja ya gumegume, ambayo jiwe lake hutoa cheche. Katika karne ya 19 yakaenea ya fataki, kijikofia kidogo cha shaba kivikwacho juu ya kifa na kugongwa na mtambo. Askari aliyefundishwa vyema aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja, naye amesimama wima katikati ya moshi wake mwenyewe. Mtutu ukiwa laini ndani, risasi hutoka ikiyumba, na ikipita hatua mia, kumpata mtu mmoja ni bahati zaidi kuliko ustadi. Mvua ikinyesha, baruti hulowa na gobori likawa rungu.

Bunduki ya viasi ni nyingine kabisa. Risasi, baruti na fataki vimo vyote ndani ya ganda moja la shaba, nalo ndilo kiasi. Hujazwa kwa nyuma, na mpigaji aweza kuijaza naye amelala kifudifudi. Ndani ya mtutu mna mifereji izungukayo, hata risasi hutoka ikizunguka kama pia, na kwa kuzunguka huko huenda sawasawa. Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1871, ilimwezesha aliyeizoea kupiga risasi kumi na zaidi kwa dakika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Mwaka huo huo wa 1884 Hiram Maxim alitokeza ile bunduki imiminayo risasi mfululizo, ambayo watu wa bara hizi waliiita bombomu. Yake yalikuwa mapigo kama mia sita kwa dakika.

Hata hivyo si haki kusema kila gobori ni hafifu. Yako magobori yaliyochorwa mifereji ndani ya mtutu, na yakishikwa na mkono mtulivu hupiga shabaha ndogo kwa mita mia moja bila ya taabu. Upungufu wake mkubwa ni upole wa kujaza. Tuyahifadhi maneno haya, kwani hukumu itayategemea.

2. DALILI ZA MLANGO HUU

Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ametuamrisha tuandae nguvu kadiri ya uwezo wetu. Na katika hadithi ya Uqba bin Amir iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) alieleza juu ya mimbari kuwa nguvu hiyo ni kulenga shabaha, akalirudia neno hilo mara tatu. Uqba huyo huyo amepokea kemeo kwa mtu aliyejifunza shabaha kisha akaiacha. Angalia: kemeo halikumshukia asiyejua, limemshukia aliyejua akapuuza.

Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana mishale. Akawatia moyo, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlenga shabaha, kisha akasema yeye yu pamoja na kundi mojawapo. Wale wa kundi la pili wakazuia mikono yao. Alipowauliza sababu, walijibu kuwa hawawezi kupiga naye yu upande wa wenzao. Basi akawaambia wapige, kwani yeye yu pamoja nao wote. Hapa pana adabu kubwa ya mwamuzi na ya mtazamaji: akiona kuwa kupendelea kwake kumevunja nguvu za upande mmoja, huurudisha usawa hapo hapo.

Ama dalili iliyo karibu zaidi na mas'ala yetu ni hadithi ya Ibn Umar, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Wale waliokwisha kuzoezwa mbio na kupunguzwa mwili aliwaanzisha al-Hafya, mwisho wao Thaniyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale wasiozoezwa aliwaanzisha Thaniyatul Wadaa, mwisho wao msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kama maili moja. Hakuwachanganya. Kila jinsi aliipa uwanja wake na umbali wake. Nasi katika mas'ala hii twaifanya hadithi hiyo kuwa ndiyo nguzo.

3. MASHARTI YA WANAVYUONI

Imesemwa kuwa Imam Shafii ndiye wa kwanza aliyeutungia mlango huu kitabu chake peke yake, na yeye mwenyewe alikuwa mlenga shabaha hodari. Imam Nawawi katika Minhaj ameyapanga masharti yake, nasi twayaeleza kwa muhtasari:

Kwanza, umbali ujulikane, na wote wawe sawa katika mwanzo wake na mwisho wake.

Pili, ukubwa wa shabaha ujulikane, na idadi ya mapigo, na idadi ya kupata inayomfanya mtu kuwa mshindi.

Tatu, ielezwe nani atakayeanza, kwani anayeanza hukuta shabaha ingali safi.

Nne, kila mmoja awe aweza kushinda. Mmoja akiwa yakini atashinda, au yakini atashindwa, hayo si mashindano.

Tano, kama pana zawadi, ijulikane ni nini na yatoka kwa nani.

Wanavyuoni hawakuufunga mlango kwenye mishale tu. Katika madhehebu yetu kila chombo chenye manufaa katika vita huingia, hata mawe ya manjaniki. Basi bunduki, ya kale na ya kisasa, zaingia bila ya shaka. Tena pana jambo la ajabu kidogo: si sharti kuutaja upinde maalumu wala mshale maalumu, na ukitajwa, yafaa ubadilishwe kwa mfano wake. Maana yake ni kuwa kinachopimwa ni ustadi wa mtu. Chombo ni njia tu. Chombo kikawa ndicho kilichoshinda, makusudio ya mlango yamepotea.

Ama zawadi, hali zake ni tatu. Ikitolewa na mtawala au mtu mwingine asiyeshindana, yafaa. Ikitolewa na mmoja wa washindani, kwa kumwambia mwenzake kuwa ukinishinda ni yako na nikikushinda huna deni, yafaa vile vile. Ama kila mmoja akitoa mali na mshindi akazoa zote, hiyo ni kamari, ila akiingizwa wa tatu asiyetoa kitu, aitwaye muhallil, naye awe mtu wa kadiri yao, awezaye kushinda na kushindwa. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, mwenye kitabu cha al-Furusiyya, hawakulikubali sharti la muhallil. Lakini jamhuri ya wanavyuoni wamelishika, na hadhari ndiyo njia yetu.

Tulizingatie hili katika miji yetu ya pwani. Mara ngapi timu za mitaa hukusanya viingilio, kila timu ikatoa fedha, kisha mshindi akachukua mbuzi au fedha zile zile? Watu huita mchezo. Wanavyuoni waliisha kuupa jina lake. Mpira wenyewe ni mchezo wa halali ukihifadhi sitara na nyakati za Swala, lakini Mtume (s.a.w.) amezihusisha zawadi za mashindano na ngamia, farasi na mishale, na walio wengi hawakuutia mpira humo. Na hizi kamari za kubashiri mechi kwa simu, zinazowamaliza vijana wetu mishahara kabla haijafika nyumbani, hazina hata udhuru wa jasho. Mchezaji anakimbia yeye, na mcheza kamari anakimbiwa na mali yake.

Na adabu mbili tusizisahau. Haifai kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, si kuku wala njiwa, Mtume (s.a.w.) amelilaani jambo hilo. Wala haifai kumwelekezea ndugu silaha, ijapokuwa kwa mzaha.

4. JAWABU LA MAS'ALA

Sasa turudi kwa marafiki zetu wenye magobori na wenye bunduki za viasi.

Wakisema: tutapiga hatua mia tatu kwa dakika mbili, na mwenye matundu mengi ndiye mshindi, mashindano hayo hayafai. Mwenye gobori laini yakini atashindwa, na mwenzake yakini atashinda. Pakiwekwa mali ni dhuluma, na pasipowekwa mali ni kebehi tu kwa mwenye chombo duni.

Wakisema: tutapiga hatua hamsini, risasi kumi kila mtu, bila ya kuhesabu haraka, shabaha moja kwa wote, magobori yaliyo mazuri na mikono iliyozoea, hapo mlango wafunguka. Kwa umbali huo mzee mwenye gobori lake, alijuaye kama mtu amjuavyo mwanawe, aweza kumshinda kijana mwenye bunduki mpya aliyeinunua jana. Na lililo bora kuliko yote ni kufuata Sunna ya farasi: wa gobori washindane na wa gobori, na wa bunduki za viasi washindane na wenzao, kisha wakae pamoja kwa chakula.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa watu wa Ulaya na kwingineko wamefika pale pale. Liko shirikisho la kimataifa la walenga shabaha kwa magobori, lililoundwa mwaka 1971. Katika mashindano yake hawaichanganyi bunduki ya mrao na ya fataki, wala mtutu laini na mtutu wenye mifereji. Kila jinsi ina daraja yake, na umbali wake ni mita 50 au mita 100. Mpigaji hupewa risasi 13 kwa nusu saa, na kumi zilizo bora ndizo zihesabiwazo. Wameufikia usawa huo kwa akili na mazoea ya karne nyingi, na sisi tulikuwa nao katika hadithi ya Ibn Umar tangu zama za Mtume wetu.

Twakumbusha pia kuwa katika Kenya silaha haimilikiwi ila kwa kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na katika Tanzania polisi wangali wakiyakamata magobori yafuliwayo na wahunzi wa vijijini. Kuitii sheria ilindayo roho za watu ni katika dini.

5. HABARI ZA KHUNYANGU

Malori yatokayo bandari ya Mombasa hupita Busia na Malaba kwenda Uganda, na vijana wetu wengi wanazijua forodha zile. Lakini wachache wanajua kuwa njia ile ni ya mababu zao. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu wa pwani ilipanda mpaka kwa Wawanga, katika mji wa mfalme Mumia, ambao leo waitwa Mumias, na kutoka hapo ikaingia nchi za jirani kutafuta pembe. Mzungu Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwisho wa mwaka 1883, wapagazi waliomfikisha walikuwa watu wa pwani.

Misafara ile ilipanda na nguo, shanga, waya na magobori. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa silaha 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Tusifiche ukweli kwa kuwa wahusika ni jamaa zetu: sehemu ya biashara ile ilikuwa pembe, na sehemu ilikuwa wanadamu. Uislamu ulipanda nao, na Alhamdulillah ukabaki. Mumia mwenyewe alisilimu, na Mumias ikawa chimbuko la Waislamu wa upande ule. Lakini uliingia kwa tabia njema za wachache, na gobori halikumsilimisha mtu.

Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo chao kwa Mumia. Nchi ile yote, pamoja na Busia na Malaba za leo, ilikuwa ingali upande wa Uganda. Haikuhamishiwa upande wa Kenya ila mwaka 1902. Hapo ndipo pakazuka ugomvi na Wabukusu, na chanzo chake kilikuwa bunduki. Serikali ilitaka irudishiwe silaha zilizokuwa mikononi mwao, ikapeleka kikosi cha askari wa Kisudani, na kikosi kile kikaangamizwa. Mwaka 1895 Charles Hobley na wenzake wakarudi na jeshi la Wasudani, Waganda, Wawanga na wengineo. Wakapigana Lumboka, kisha katika boma la Chetambe, juu ya vilima vilivyo karibu na Webuye.

Wabukusu walikuwa na boma la udongo na handaki, na watu ambao ushujaa wao hakuna aliyeukanusha, hata adui zao. Walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Upande wa pili ulikuwa na bunduki za viasi na bombomu. Boma likavunjwa, wengi wakafa, wanawake na watoto wakatekwa, na ng'ombe wakachukuliwa. Watu hawakuusahau msiba ule: mwaka 1947, zaidi ya miaka 50 baadaye, Elijah Masinde aliwakusanya maelfu ya watu Chetambe kuwakumbuka waliokufa.

Sasa, ndugu msomaji, yapime mapigano yale kwa sharti la nne. Je, kila upande uliweza kushinda? Ustadi na ushujaa vilikuwapo pande zote mbili, lakini chombo kilikuwa kimekwisha kuamua kabla ya mtu kulenga.

Na lipo jambo lingine lituumizalo. Askari wale wa Kisudani wengi wao walikuwa Waislamu. Walioshika bunduki ya kisasa siku ile walikuwa ndugu zetu katika dini, lakini kiasi kilikuwa cha mwingine, amri ilikuwa ya mwingine, na nchi iliyotekwa ikawa ya mwingine. Mwenye kushika chombo asichokijua kukitengeneza ni mkono wa yule aliyekitengeneza.

6. USAWA ULIOZUILIWA

Mtu aweza kusema: kwa nini watu wa bara hizi hawakununua bunduki za viasi? Wako walionunua. Lakini tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels, na dola ya Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi. Mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa na viasi vyake visiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Ukaruhusu, kwa kibali cha serikali, bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, gobori lilibaki, na bunduki ya viasi ikazuiliwa ila kwa serikali na watu wenye leseni.

Sababu waliyoitaja ni kukomesha biashara ya utumwa, nayo ilikuwa sababu ya haki. Mwislamu hana neno la kuitetea biashara ile. Lakini matokeo ya mkataba yalikuwa mapana kuliko sababu yake: kila aliyetaka kuilinda nchi yake alijikuta uwanjani na gobori. Walioponyoka walikuwa Wahabeshi. Mfalme Menelik alikusanya bunduki za kisasa kwa maelfu, na tarehe 1 Machi 1896 akalishinda jeshi la Italia huko Adwa. Wahabeshi hawakuwapita Wabukusu kwa ushujaa. Waliwapita kwa maandalizi.

7. MAFUNZO

Funzo la kwanza ni kwa walio mahodari wa kulaumu. Yatupasa tujiulize: gobori lile lililopanda Khunyangu tulilitengeneza sisi? Hasha. Tulilinunua. Kwa miaka mingi bandari zetu zilipokea silaha kutoka Ulaya na Marekani, tukazibadilisha kwa pembe, lakini hatukuanzisha chuo hata kimoja cha kufundisha namna zinavyofuliwa. Karibu na Busia wako Wasamia, ambao kabla ya kuja mgeni yeyote walikuwa wakiyeyusha chuma kutoka vilima vyao wenyewe na kufua majembe yaliyouzwa nchi nyingi. Palikuwa na chuma, na palikuwa na mhunzi. Misafara yetu iliwapitia watu kama hawa ikawauliza bei ya pembe.

Funzo la pili ni kuwa kushikilia cha kale kwa kuwa ni cha kale si dini. Mtume wetu (s.a.w.) katika mwaka wa 5 wa Hijra alichimba handaki kuilinda Madina kwa shauri la Salman Mfursi, ingawa Waarabu hawakuwa wakiijua njia hiyo. Mamluki wa Misri walikuwa mabingwa wa farasi na upinde, na wengi wao waliiona bunduki kuwa ni silaha ya watu duni. Mwaka 1516, huko Marj Dabiq, Sultani Selim wa Kituruki akawashinda kwa mizinga na bunduki. Wote wawili walikuwa Waislamu. Mwenyezi Mungu hambadilishii mtu kanuni kwa ajili ya jina lake.

Funzo la tatu ni juu ya hirizi. Katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, watu wa kusini ya Tanganyika waliambiwa kuwa maji yaliyoombewa yatazigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Walikufa kwa maelfu mengi. Twawahurumia, wala hatuwacheki, kwani wangapi kati yetu huvaa hirizi ya mtihani badala ya kusoma? Tawakali hutanguliwa na kufunga ngamia kamba.

Na hapa ndipo lilipo kusudi la somo zima. Leo vita vyetu si vya bunduki, wala hatuvitaki. Uwanja wa leo ni darasa, ofisi, hospitali, karakana na soko. Kila mwaka twawatoa watoto wetu waende wakashindane na watoto wa wenzetu. Wengi wao wametoka katika vyuo ambavyo mtoto hufundishwa kwa fimbo, ashike maneno asiyoelezwa maana yake, na hesabu na sayansi huonwa kuwa ni mambo ya wengine. Kisha mtoto huyo anakaa mtihani mmoja na mwenziwe aliyetayarishwa tangu utotoni. Matokeo yakitoka twasema: tumeonewa. Pengine kweli pana uonevu, na uonevu hudaiwa haki yake. Lakini sehemu ya uonevu huo ni yetu: tumempeleka na gobori, na hatua ni mia tatu.

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kuwa Qurani ndiyo gobori, audhubillahi! Qurani ndiyo inayotufundisha shabaha iko wapi. Gobori ni uvivu wetu wa kufundisha, na woga wetu wa kila elimu isiyokuja na kilemba. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliyasema mambo haya Mombasa katika gazeti lake la al-Islah tangu mwaka 1932. Watu waliyasikia, na wengi wakarudi barazani.

Basi kila mzazi na afanye matatu. Aijue shabaha ya mtoto wake, asimwache apige ovyo. Ampe chombo kilicho sawa na cha wenzake: vitabu, mwalimu, wakati na chakula cha asubuhi. Na amfundishe kushinda bila ya kiburi na kushindwa bila ya kinyongo. Ngamia wa Mtume (s.a.w.), al-Adhbaa, alikuwa hatanguliwi; siku moja mbedui akaja na ngamia wake mchanga akamtangulia, jambo lile likawauma Masahaba. Mtume (s.a.w.) akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amejiwajibishia kutokipandisha kitu duniani ila hukishusha. Wenye bunduki za viasi nao watashuka siku moja. Lakini tusikae kuisubiri siku hiyo mikono mitupu.

8. MASWALI YA DARASA

(1) Kwa nini Mtume (s.a.w.) aliwatenga farasi waliozoezwa na wasiozoezwa? Taja mambo mawili ya leo yafaayo kukisiwa juu yake.

(2) Timu nane zimetoa kila moja shilingi elfu mbili, na mshindi atapewa ng'ombe aliyenunuliwa kwa fedha hizo. Eleza hukumu yake, kisha eleza njia mbili ambazo kwazo zawadi katika mashindano ya shabaha huwa halali.

(3) Mwenye gobori na mwenye bunduki ya viasi wamekubaliana umbali, shabaha na idadi, lakini hawakusema nani ataanza. Ni sharti gani limekosekana, na hekima yake ni nini?

(4) Katika mtaa wako, ni watoto wangapi wamepelekwa uwanjani na gobori? Jawabu la swali hili lisiandikwe katika daftari. Mtu alijibu nyumbani kwake, mbele ya wanawe.

Wallahu a'lam. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuwezeshe kuandaa tulichoamrishwa kukiandaa. Wabillahi taufiq.